Barua ya wazi: Mnatuambia tupulize mwarobaini, hamtuambii lini

KWA: Wakuu wa taasisi za utafiti wa kilimo, wakuu wa huduma za ugani, wakuu wa mamlaka za hali ya hewa, na wote wanaoshika muhuri wa kusajili viuatilifu

YAH: MAGONJWA YA UKUNGU KWENYE MIMEA DAWA, NA USHAURI USIO NA HALI YA HEWA NDANI YAKE

Waheshimiwa,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima zote, ila naandika hadharani kwa sababu njia ya kawaida nimeshaipita mpaka nyasi zimelala. Barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa, ya pili nikaambiwa imepokelewa, ya tatu nikaambiwa nirudi na nakala ya ile ya pili. Simu nimepiga. Majani yenye ugonjwa nimeyapeleka mwenyewe kwa mikono yangu, nikaandikiwa namba kwenye kikaratasi, kikaratasi bado ninacho, majibu ndo sina. Kwaiyo msinione nimekosa adabu kuja kuyamwaga hapa, nimegonga hodi muda mrefu sana.

Mimi ni mkulima wa mimea dawa. Nalima mrehani, mnanaa, tangawizi na manjano, na mshubiri kidogo pembeni. Sijasomea maabara, ila shida imenisomesha, na kitu kimoja nimekuja kukielewa vizuri kuliko vipeperushi vyenu vinavyokielezea. Mnatuhimiza tupambane na ukungu kwa dawa za mimea, jambo zuri kabisa na mimi niko upande wenu hapo, lakini hamtuambii lini. Na kwenye dawa za mimea hiyo "lini" ndo nusu ya dawa yenyewe. Kiuakuvu cha kiwandani kinaweza kukusamehe ukichelewa siku mbili, vipo vinavyoingia ndani ya jani na kuukuta ugonjwa uko njiani. Maji ya kitunguu saumu hayana huruma hiyo. Ukipuliza kabla ya jani kulowa umefanya kazi, ukipuliza baada ya madoa kutoka umeosha majani tu.

Sasa naweka malalamiko yangu kwa namba ili asije mtu akasema barua ilikuwa ndefu hakuona hoja iko wapi.

1. Hali ya hewa ndo inaamua nani augue, kwenu nyie imewekwa sentensi ya mwisho

Kila bwana shamba amefundishwa ile pembetatu, kwamba ili ugonjwa utokee lazima viwepo vitu vitatu kwa pamoja: mmea unaoweza kuugua, kimelea, na mazingira yanayokifaa hicho kimelea. Vipeperushi vinaongelea mmea, vinaongelea kimelea kwa jina lake la Kilatini, alafu mazingira yanapewa mstari mmoja, "ugonjwa huu hupenda unyevunyevu". Jamani. Unyevunyevu upi? Wa mvua, wa umande, wa hewa, au wa udongo? Wa masaa mangapi? Kwenye joto gani?

Maana spora (kijimbegu cha ukungu) ya Alternaria, hawa wa madoa ya mviringo yenye pete pete, ikitua kwenye jani kavu ni vumbi tu. Inataka jani libaki na maji juu yake kwa masaa mfululizo ndo iote na kupenya, na hayo masaa yanategemea joto, kwenye baridi inahitaji muda mrefu zaidi, kwenye joto la wastani inawahi. Hii sayansi sio mpya wala sio siri. Mwaka 1944 mtafiti Mills kule Marekani alishatoa jedwali la wakulima wa tufaha, unaangalia joto, unaangalia jani limelowa masaa mangapi, unajua kama maambukizi yameshaingia au bado, na kwenye joto la kawaida la nyuzi kama 18 hivi ilikuwa masaa 9 tu yanatosha kuanza. Wakulima wa viazi Uingereza walipewa chao mwaka 1956: siku mbili zikifuatana joto halijashuka chini ya nyuzi 10, na kila siku unyevu wa hewa umefika asilimia 90 kwa masaa 11 au zaidi, basi bakajani yuko mlangoni. Mwaka 2017 wakakipitia upya, masaa yakashushwa hadi 6 kwa sababu walikuta ugonjwa unatangulia kengele ya tahadhari.

Nimetaja viazi na tufaha makusudi. Kazi ya kutengeneza kengele inajulikana inavyofanyika, kwa mazao mengine imefanyika kabla mimi sijazaliwa. Ila mrehani, mnanaa, manjano, mimea ambayo mnasimama majukwaani kuisifia kwamba ni hazina, kengele yake iko wapi?

Alafu kuna hili la umande ambalo linaniumiza zaidi. Taarifa ya hali ya hewa inasema mvua sifuri wiki nzima, na ni kweli, hakijanyesha kitu, mimi nikilala najua niko salama. Lakini saa 12 asubuhi nikiingia shambani suruali inalowa mpaka magotini, majani yanachuruzika, na yanakauka saa 4 jua likishapanda. Hesabu tangu saa 5 usiku mpaka saa 4 asubuhi ni masaa 11 jani liko ndani ya maji, na kipimo cha mvua kinaonyesha sifuri! Kituo chenu kinapima hewa kwa urefu wa mtu, mahali peupe penye upepo, wakati ugonjwa unaishi chini huko kati ya shina na shina ambako upepo haufiki. Kifaa cha kupima ulowevu wa jani kipo, kidogo tu kama kiganja, sijawahi kukiona popote ninapoweza kusoma namba zake.

2. Mnauita "ukungu" kama vile ni ugonjwa mmoja

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo maana ndipo nilipoumia.

Kuna ubwiri unga na kuna ubwiri vinyoya. Majina yamekaa kama mapacha, ukisikia haraka unadhani ni ndugu wa tumbo moja. Hawana undugu hata wa mbali. Ubwiri unga ni kuvu wa kweli, anakaa juu ya jani kama mtu amemwaga unga, na maajabu yake ni kwamba hahitaji maji juu ya jani ili aote, spora yake imebeba maji yake mwenyewe ndani, tena maji ya mvua yanaweza kuiharibu. Anapenda kivuli, mimea iliyosongamana, mchana mkavu na usiku wenye unyevu hewani. Ubwiri vinyoya yeye wala sio kuvu kwa maana halisi, yuko kwenye kundi jingine pamoja na Phytophthora na Pythium, viumbe wa majini kabisa kwa asili, huyo bila jani kulowa hana kazi. Kwaiyo hali ya hewa inayomchangamsha mmoja inaweza kumtuliza mwingine, na dawa inayomkamata mmoja inaweza kumpita mwingine. Kipeperushi nilichopewa kiliandika "kwa magonjwa ya ukungu kama ubwiri, nyunyizia kila baada ya siku saba". Ubwiri yupi?

Mrehani wangu ulianza kuwa wa njano katikati ya mishipa ya majani. Nikamuuliza afisa, kwenye simu, akasema ni upungufu wa mbolea, ongeza naitrojeni. Nikaongeza. Mimea ikachanua majani mapana, laini, mazuri kweli kweli, ikafungamana hewa haipiti, na wiki mbili baadaye nageuza jani chini nakuta vumbi la kijivu linalokaribia zambarau. Ubwiri vinyoya. Yaani nilikuwa namlisha mgonjwa nikimnenepesha yule anayemla. Sio kosa la yule afisa peke yake, ule unjano unawadanganya wengi na unajulikana dunia nzima kwa kudanganya, ndo maana ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza ya kipeperushi: geuza jani, asubuhi mapema.

Na huyu kimelea wa mrehani ana historia ndefu. Aliripotiwa Uganda tangu miaka ya 1930, akakaa kimya, alafu kuanzia 2001 akaibuka Uswisi, akaenda Italia, na 2007 akafika Marekani, na njia mojawapo aliyosafiria ni mbegu. Watu wakamsoma mpaka wakajua anazaa spora usiku tu, giza na unyevu vikikutana kwa masaa, na ukimwashia taa usiku kucha anashindwa kuzaa. Taa, waheshimiwa! Bila dawa yoyote. Sisemi kila mkulima aweke taa shambani, nasema ujuzi wa aina hii ndo tunautaka, unaoelezea adui anafanya kazi saa ngapi, maana ukishajua anazaa usiku na kupeperuka asubuhi unajua pia usiingie kuvuna kabla majani hayajakauka ukamsambaza kwa nguo zako mwenyewe.

Kwenye manjano mambo ni mengine tena. Yule wa madoa ya majani, Colletotrichum, spora zake zimekaa kwenye utelezi kama makamasi, upepo mkavu hauzichukui, zinarushwa na matone ya mvua kutoka udongoni na kutoka jani hadi jani. Huyo unampunguza kwa matandazo, tone lisipige udongo uchi. Tangawizi nayo inaozea chini, Pythium, maji yakituama na joto likipanda, huyo hata ukipuliza majani mwezi mzima hakusikii, anataka tuta lililoinuliwa na mbegu safi. Kutu ya mnanaa inaishi kwenye mnanaa mwaka mzima na inajificha kwenye vipandikizi, vipandikizi vikizamishwa kwenye maji ya nyuzi 44 kwa dakika 10 kabla ya kupanda unaipunguza sana. Namba mbili tu hizo, 44 na 10. Zingeweza kuandikwa pembeni ya kile kipeperushi palipowekwa picha ya mgeni rasmi.

3. Mnatupa mapishi, hamtupi vipimo

"Chukua majani ya mwarobaini ya kutosha, twanga, loweka, chuja, nyunyizia." Ya kutosha ni kiasi gani?

Mwarobaini wenyewe umeelezwa kinyume. Azadiraktini, ile kemikali inayoupa sifa kubwa, inafanya kazi hasa kwa wadudu, na imejaa kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Kwa ukungu kinachosaidia zaidi ni mafuta ya mbegu, yale yanafunika jani na kuusumbua ubwiri unga na kutu, na mafuta hayachanganyiki na maji bila sabuni laini ya kuyashikanisha. Sasa mtu anapuliza chai ya majani ya mwarobaini kwenye ubwiri vinyoya mchana wa jua kali, jua linaivunja dawa, jioni mvua inasafisha kilichobaki, asubuhi mkulima anasema mwarobaini ni uongo. Mwarobaini haujasema uongo. Na anayepuliza mafuta mchana joto limepita nyuzi 30 anababua majani, alafu anadhani ugonjwa umezidi anaongeza dozi.

Kitunguu saumu ndo kichekesho. Nimeona ushauri, umegongwa muhuri kabisa, unasema chemsha vitunguu saumu vizima kwa nusu saa. Ile alisini inayoua ukungu haimo ndani ya punje iliyokaa salama, inazaliwa pale unapoiponda, kimeng'enya kinakutana na malighafi yake ndo alisini inatokea. Ukichemsha kwanza umekiua kimeng'enya, umebaki na supu yenye harufu. Ponda kwanza, kwenye ubaridi, subiri dakika kama 10, chuja, tumia siku hiyo hiyo maana alisini haikai, inavunjika. Hivi mpaka mkulima ndo awaandikie hili?

Karafuu nayo. Mafuta yake sehemu kubwa ni eujenoli, inaua ukungu kweli, ila mafuta hayo hayo kwenye kiwango kikubwa yanauzwa kama dawa ya kuua magugu kwenye kilimo hai. Kumwambia mtu "weka mafuta ya karafuu" bila kumwambia matone mangapi kwa lita ngapi ni kumpa kiberiti gizani.

Na msiniambie vipimo haviwezekani kwa vitu vya asili. Mwaka 2014 Ulaya ilikubali mmea mmoja, Equisetum arvense, uwe "dawa ya msingi" dhidi ya ukungu, yaani kitu cha kawaida kinachokubaliwa bila usajili mzito wa kiuatilifu, na mapishi yake yameandikwa hivi: gramu 200 za mmea mkavu, lita 10 za maji, loweka dakika 30, chemsha dakika 45, poza, chuja, alafu zimua mara kumi. Mtu yeyote mwenye sufuria anaweza. Hiyo ndo inaitwa maelekezo.

4. Sahani ya maabara haina jua wala mvua

Tafiti zenu nyingi nimezisoma, zile zilizo wazi. Zinafanana kama sare za shule: mmechukua majani ya mmea fulani, mmekamua kwa ethanoli, mmechanganya kwenye chakula cha kukuzia kuvu, mmepima kipenyo, mmekuta kuvu amezuiwa, hitimisho dawa hii ina uwezo mkubwa, utafiti zaidi unahitajika. Huo utafiti zaidi nani ameufanya? Shambani kwangu hakuna ethanoli, kuna ndoo. Hakuna nyuzi 25 usiku na mchana, kuna jua la saa 7 na mvua ya saa 10. Karibu kila mafuta yenye harufu kali yatamzuia kuvu kwenye sahani iliyofunikwa, mvuke wake unaenda wapi? Nje upepo unaubeba kabla hujamaliza tuta la pili.

Wenzenu walilitambua hili. Eujenoli, jeranioli na timoli, vyote vya mimea, vilikubaliwa Ulaya mwaka 2013, na kwenye zabibu vinatumika kwa kufungwa ndani ya vijidonge vidogo mno vilivyotengenezwa kwa maganda ya seli za hamira. Kikiwa kikavu kinatulia, unyevu ukija kinaachia dawa. Yaani dawa inasubiri hali ile ile ya hewa ambayo ukungu anaisubiri. Mimi niliposoma hapo niliweka simu chini nikakaa kimya kidogo. Mtu amefikiria hali ya hewa kabla ya kufikiria dawa!

Zipo pia dawa zinazofanya kazi kwa kuuamsha mmea ujilinde wenyewe, kama laminarini inayotoka kwenye mwani na ile ya mmea wa Reynoutria sachalinensis. Hizo ukipuliza ugonjwa ukiwa umeshaingia umechelewa, lazima mmea upate muda wa kujiandaa. Kwaiyo tunarudi pale pale, bila kengele ya siku mbili tatu kabla, hizo dawa ni mapambo.

5. Kisheria tumebaki hewani

Nikiangalia orodha ya viuakuvu vilivyosajiliwa, mimea yangu haimo. Eneo ni dogo, kampuni haioni faida kufanya majaribio. Matokeo yake majirani wanachukua dawa ya nyanya wanapuliza mrehani, na mimi siwalaumu, nimekaa nao, mtu hawezi kuangalia shamba linakufa akiwa ameshika mikono.

Ila tufikirie kidogo jani hili linaenda wapi. Nyanya unaiosha. Jani la dawa halioshwi, linakaushwa, na kilo 5 mbichi zinabaki kilo 1 hivi, kwaiyo mabaki ya sumu ambayo hayajavunjika yamejikusanya mara tano. Alafu mtu analiweka kwenye maji ya moto na kunywa, mtu ambaye mara nyingi tayari anaumwa. Mankozebu, kiuakuvu cha kiwandani, ikipata joto inazaa kitu kinaitwa ETU kinachoharibu kazi ya tezi la thairoidi, na Ulaya walikataa kuhuisha kibali chake mwishoni mwa 2020. Shaba nayo, ambayo kilimo hai kinairuhusu, haiozi, inalundikana udongoni mwaka hadi mwaka, ndo maana wameiwekea ukomo wa kilo 28 kwa hekta kwa miaka 7. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo wa kilimo bora cha mimea dawa mwaka 2003, unasema kemikali ziwe kidogo iwezekanavyo na zitumike pale tu njia nyingine hazipo. Sawa. Njia nyingine hizo nani anazisajili? Mkulima akitumia ya kiwandani mzigo unakataliwa kwa mabaki, akitumia ya kienyeji anaambiwa haijasajiliwa, asipotumia kitu anavuna madoa.

6. Baada ya kuvuna mnatuacha kabisa

Hili nalisema kwa kifupi. Msimu wa mvua majani na mizizi haikauki, unyevu ukibaki juu ya asilimia 12 hivi kuvu aitwaye Aspergillus anaingia na sumu kuvu yake, aflatoksini, hiyo haionekani, haina harufu na haitoki kwa kuchemsha. Kiwango cha famakopia ya Ulaya, kile kitabu cha viwango vya dawa, kwa mimea dawa ni mikrogramu 2 za aflatoksini B1 kwa kilo, na 4 kwa jumla ya zote. Hakuna macho yanayoweza kuona hiyo. Taarifa kwamba siku nne zijazo hewa itakuwa na unyevu mkubwa, usivune leo, ingeokoa mzigo mzima bila tone la dawa.

Najua mtakachosema

Mtasema bajeti hakuna. Siombi setelaiti. Vituo vya hali ya hewa vipo, unyevu wa hewa na joto mnapima kila saa, namba zinakaa kwenye kompyuta zenu. Kuzigeuza kuwa ujumbe mfupi wa "usiku wa leo na kesho majani yatalowa zaidi ya masaa 8, puliza kabla ya jioni" ni kazi ya mtu mmoja mwenye akili na wiki chache.

Mtasema mimea dawa ni zao dogo. Dogo kwa hekta, ndio. Kwa vinywa je?

Mtasema cha asili hakina madhara kwaiyo hakihitaji vipimo. Hili naliogopa kuliko yote maana nimelisikia kutoka kwa watu wenye shahada. Tumbaku ni ya asili, na maji yake yanaweza kumlaza mpulizaji kitandani. Kama kitu kina nguvu ya kuua kuvu kina nguvu, basi, na chenye nguvu kinapimwa.

Mtasema wakulima hawafuati maelekezo. Hapa nakubali nusu, wapo wasiofuata, hata mimi kuna wiki nilipuliza mchana kwa sababu jioni nilikuwa na msiba. Lakini maelekezo yenyewe yakiwa "ya kutosha" na "mara kwa mara", mtu anafuata nini hapo?

Mtasema hali ya hewa siku hizi haitabiriki. Ndo sababu ya kuitazama zaidi. Zamani tulipuliza kwa kalenda, mvua zinaanza mwezi fulani tunaanza na sisi, sasa kalenda imevurugika na kipeperushi bado kinasema kila baada ya siku saba, iwe jua iwe mafuriko.

Ninachoomba

Kwanza, kila taasisi inayotoa ushauri wa dawa ya mimea iandike kwenye ushauri huo vitu hivi: sehemu gani ya mmea, gramu ngapi, maji lita ngapi, sabuni kiasi gani, inakaa muda gani kabla haijaharibika, ipulizwe saa ngapi, mvua ikinyesha baada ya masaa mangapi irudiwe, na ni kwa ugonjwa upi kwa jina. Kama namba hazijulikani muandike wazi kwamba hazijulikani. Hatutawacheka.

Pili, mamlaka za hali ya hewa na watu wa ugani mkae meza moja mtoe tahadhari ya ulowevu wa majani, umande ukiwemo ndani. Anzeni na ubwiri vinyoya wa mrehani, tabia zake zinajulikana vizuri, hamtahangaika.

Tatu, majaribio ya shambani, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, kwa maji na ndoo, na yale yaliyofeli yachapishwe pia. Kujua kwamba kitu fulani hakifanyi kazi mvua ikizidi ni faida kubwa kwangu, itaniokoa siku tatu za kutwanga.

Nne, muweke njia nyepesi ya kusajili dawa za msingi kwa mimea midogo, na orodha ya wazi ya kinachoruhusiwa kwenye mimea dawa pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Tano, mtu wa kusoma sampuli. Mmoja tu, mwenye hadubini na simu inayopokelewa.

Natoa siku 60 kuanzia leo nipate jibu la maandishi, hata kama ni la kukataa, ila liseme namba ipi imekataliwa na kwa nini. Nikilipata nitaliweka hapa hapa lote bila kukata neno, na kama kuna mahali nimekosea kwenye haya niliyoandika nitasahihisha na kuomba radhi mbele ya watu. Nisipolipata nitaandika tena, na safari hiyo nitaambatanisha daftari langu la umande, nimeanza kuliandika kila asubuhi, saa majani yalipokauka na siku doa la kwanza lilipoonekana. Ni daftari la mtu mmoja na shamba moja, lakini mpaka sasa lina kurasa nyingi kuliko kilichotoka kwenu.

Wenu katika ujenzi wa kilimo,

Mkulima wa mimea dawa

N.B. Yule ndugu aliyepokea majani yangu akayafunga kwenye mfuko wa plastiki, namba yangu ya sampuli anayo. Majibu bado nayasubiri. Ila kwa wateja wengine naomba atumie mfuko wa karatasi, ndani ya plastiki jani linatoka jasho, na ukungu wa kuozesha unakuwa umeshafika kabla ya yule wa shambani hajaangaliwa.